PIKIPIKI YA KAKA NA NAMBARI ILIYOFUNIKWA NA MASIZI

Mwaka huu mhariri aliniomba niandike shairi. Nilijaribu kwa siku tatu, vina vikanikataa katakata. Nikamwendea na kumwambia kwamba ninachokijua mimi ni pikipiki. Akacheka, kisha akasema, "Basi andika pikipiki, lakini isiwe insha ya ajali. Hizo tumezisoma tangu shule ya msingi." Haya basi, hii ni makala ya pikipiki isiyo na ajali. Ina moshi, deni na barua ya karo, lakini hakuna aliyevunjika mguu.

Kaka yangu ni mwanabodaboda. Steji yake iko Silibwet. Asubuhi hubeba mikebe ya maziwa, mchana hupeleka magunia ya majani chai kituoni, na katikati ya hayo hubeba watu wanaokwenda hospitali ya Tenwek kutibiwa au kuwatazama wagonjwa. Pikipiki yake ni ya Kichina, ya cc 150, aliyoinunua mkononi mwa mtu baada ya bonasi ya majani chai. Hiyo ndiyo inayonilipia karo. Nalisema jambo hili wazi kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye hata leseni sina, nilijitumbukiza katika mambo ya pistoni.

Likizo ya Aprili pikipiki ilianza kuishiwa na nguvu. Mlima ambao zamani iliupanda na abiria wawili (najua, ni makosa, lakini nieleze nilichokiona) sasa iliupanda na mmoja, tena kwa kulia. Moshi ukawa unatoka nyuma, wa rangi ya buluu. Fundi mmoja akaifungua, akatazama, akasema, "Ringi zimekwisha, na pistoni hii nayo imechoka. Nunua mpya." Kaka akaenda dukani na kusema, "Nipe pistoni ya 150 na ringi zake." Akapewa, ikafungwa, tukashukuru Mungu.

Kumbe tulikuwa tunashangilia kabla ya mechi kuanza! Siku ya tatu moshi ulizidi wa mwanzo. Injini ikawa inagonga ka-ka-ka kama mtu anayepiga debe, na oili ikawa inakwisha kama maji kwenye chungio. Fundi akasema ringi zile zilikuwa feki. Zikanunuliwa zingine. Moshi ule ule. Akasema basi ni sili za valvu. Zikanunuliwa. Moshi ule ule! Kila safari ya dukani ilikuwa inakula karo yangu, na wiki ya pili ya muhula wa pili nikaitwa mstarini pamoja na wenzangu kadhaa, tukapewa barua, tukaambiwa turudi na mzazi au na pesa. Mnaijua safari hiyo. Huwa ndefu hata kama kwenu ni karibu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta dada yetu mdogo akicheza nyuma ya jikoni. Alikuwa anamlisha mwanasesere uji wa matope kwa kikombe kizito cha chuma. Kikombe chenyewe kilikuwa ile pistoni ya zamani iliyotolewa Aprili. Nilimnyang'anya, akalia, nikampa mkebe badala yake. Kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine wala raha, nilikaa kizingitini nikaanza kuikwangua masizi kichwani kwa msumari, kisha kwa msasa. Masizi yalikuwa mazito kama lami. Yalipotoka, nikaona nambari imepigwa muhuri juu ya chuma: 0.50.

Niliiona, lakini sikuielewa. Nilimwonyesha kaka naye hakuielewa. Jambo moja tulilijua: ile pistoni mpya haikuwa na nambari hiyo.

Hebu nieleze sasa kile ambacho nilikuja kukijua baadaye, maana ndicho kiini cha makala hii. Injini inapotoka kiwandani, tundu la silinda lina upana wake maalum. Katika injini ya kaka upana huo ni milimita 62. Pistoni hupanda na kushuka humo mara maelfu kwa dakika moja, na baada ya miaka tundu hupanuka, tena halipanuki sawasawa. Hupoteza mviringo wake. Hapo mkereza vyuma hulichonga upya, likawa kubwa kidogo lakini duara tena. Kisha hutiwa pistoni kubwa zaidi inayolingana nalo. Ukubwa huu wa ziada mafundi huuita ovasaizi, na huenda kwa ngazi: 0.25, 0.50, 0.75, hadi 1.00, zote zikiwa milimita. Nambari hupigwa muhuri kichwani mwa pistoni ili atakayefungua baadaye ajue. Pistoni isiyo na ziada huitwa standadi.

Basi mwenye pikipiki wa kwanza, kabla ya kumwuzia kaka, alikuwa ameichongesha silinda hadi 62.5 na kutia pistoni ya 0.50. Hakumwambia kaka, na pengine hakuulizwa. Kaka aliposema dukani "pistoni ya 150", muuzaji akampa standadi, ya milimita 62. Nusu milimita tu! Ukiitazama kwenye rula utasema, "Hiyo nayo ni nini?" Lakini nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na ukuta wa silinda ni sehemu chache za mia moja za milimita. Pistoni yetu ilikuwa inacheza ndani kama mguu wa mtoto katika kiatu cha babake. Ndiyo maana iligonga. Oili ikapenya pembeni ikaungua pamoja na petroli, na ndiyo maana moshi ukawa wa buluu.

Tazameni sasa. Pistoni haikuwa feki. Muuzaji aliulizwa kitu akatoa alichoulizwa. Hata ringi zile zilizolaumiwa zilikuwa ringi halali za pistoni standadi. Tulitumia pesa mara tatu kununua spea nzuri zisizotufaa, kwa kukosa nambari moja iliyokuwa imefunikwa na masizi.

Haya nilielezwa na fundi wa pili, mzee mmoja wa mjini Bomet. Kaka alikuwa akimwogopa kwa sababu hutoza ghali. Tulimkuta ameketi juu ya tairi kuukuu, anakunywa chai.

"Chamgei, mzee," kaka akamsalimu.

"Chamgei mising. Mmeniletea nini? Moshi?" Alikuwa amesikia pikipiki ikija.

Nikampa pistoni ya zamani. Akaigeuza, akasoma nambari, akatazama injini, kisha akacheka bila sauti. "Waliweka standadi, siyo?" Hakungoja jibu. Akafungua sanduku la mbao, akatoa kitabu kisicho na jalada, kurasa zake zimekolea oili hadi nyingine zinapitisha mwanga. Kilikuwa mwongozo wa ukarabati wa Honda CG125, wa Kiingereza, wenye michoro ya kila nati. Alisema alipewa zamani alipokuwa akifanya kazi katika karakana ya shamba moja la chai upande wa Kericho.

Mimi nikashangaa. "Mzee, hii yetu si Honda, na si 125."

"Kijana wangu, hii yenu ni mjukuu wake."

Hapo nikapata somo jingine. Miaka ya 1970 kampuni ya Honda ya Japani ilituma wahandisi wake kutazama jinsi watu wa nchi zinazoendelea wanavyotumia pikipiki. Wakakuta mambo ambayo sisi wa Bomet tunayajua bila kutumiwa mhandisi: mizigo kupita kiasi, oili isiyobadilishwa, na pikipiki kuendeshwa mpaka ikatae yenyewe. Wakaunda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Injini yake hufungua valvu kwa vijiti viwili vinavyosukumwa kutoka chini, badala ya mnyororo mdogo unaozungusha kamu juu kichwani. Muundo huo ni wa kizamani, lakini huvumilia oili chafu na hauna mnyororo wa kurekebisha. Hata cheni ya nyuma waliifunika yote kwa bati ili tope lisiifikie. (Laiti wangeendelea! Hizi zetu cheni iko uchi, na tope la Bomet wakati wa mvua hulijui mpaka uoshe pikipiki mara mbili na maji bado yawe mekundu.)

Baadaye viwanda vya China viliuchukua muundo huo vikautengeneza kwa wingi, wa 125 na wa 150, na majina kemkem ubavuni mwa tangi. Majina hutofautiana, lakini injini ni za ukoo mmoja. Kwa hivyo kitabu kimoja cha Honda humsaidia fundi katika nusu ya pikipiki zinazopita mbele yake, na spea nyingi za moja huingia katika nyingine. Boxer na TVS zilizojaa barabara ya Kaplong si za ukoo huu. Zenyewe zina kamu juu na mnyororo wake, na hutaka vitabu vyao.

Utajuaje yako ni ya ukoo gani? Usisome tangi, soma injini. Upande wa chini, juu ya chuma chenyewe, kuna maandishi yaliyopigwa muhuri. Ya kaka yanaanza na 162FMJ. Fundi alinifundisha kuyasoma kama tunavyochanganua sentensi darasani. Tarakimu ya kwanza, 1, ni idadi ya silinda. 62 ni upana wa tundu kwa milimita, ule wa kiwandani. F ni injini ya kupozwa kwa hewa. M ni pikipiki. J ni ukubwa, yaani 150. Ya 125 huandikwa 156FMI, na I hiyo ndiyo 125. Ilivyonifurahisha! Nilitembea steji nzima siku ile nikiinama chini ya pikipiki za watu mpaka mmoja akaniuliza kama nimepoteza pesa.

Ila fundi alinionya. Maandishi hayo hayakuambii kama kichwa ni cha vijiti au cha mnyororo, kwani viwanda hutumia 162FMJ kwa aina zote mbili. Wala hayakuambii kama silinda imewahi kuchongwa. Ukienda dukani beba spea ya zamani mkononi, imesafishwa masizi, uilinganishe na mpya juu ya kaunta kabla hujatoa pesa. Kumbe kaka angeenda na ile "kikombe" ya dada, mambo yangeishia Aprili.

Ilibaki kupima silinda. Kipimo cha mzee kilikuwa kimeanguka kikapinda meno. "Shuleni kwenu hakuna vernia?" akaniuliza. Ipo! Tangu kidato cha kwanza nimepimishwa vernia vipande vya mbao na gololi mpaka nikaichukia, na sikuwahi kujiuliza inapima nini duniani. Kaka alikwenda kuzungumza na naibu wa mwalimu mkuu, wakaelewana kuhusu karo kwa ahadi ya mwezi mmoja, nami nikarudi shuleni na silinda ya injini katika begi, katikati ya vitabu. Askari wa langoni alilifungua begi akaruka nyuma. "Hii ni nini, wewe? Bomu?" Ilibidi mwalimu wa fizikia aitwe.

Mwalimu hakukasirika. Alileta vernia, akaniambia nitumie zile taya ndogo za juu zinazopima ndani ya tundu, na nipime mahali pawili: juu na chini, kila mahali mara mbili, kwa kukingamana. Chini ilikuwa 62.5. Juu, mahali ambapo ringi husugua sana, ikakaribia 62.6, na ukuta ulikuwa na michubuko iliyotokana na pistoni legelege. Darasa zima lilisimama kutazama. Mwalimu akasema hilo ndilo jaribio la kwanza la vernia ambalo hakuna aliyeuliza kama litatoka kwenye mtihani.

Kwa vipimo hivyo mzee akaamua: 0.50 haitoshi tena kwa kuwa tundu limechubuka, itachongwa hadi 0.75. Mkereza akachonga, pistoni ya 0.75 ikanunuliwa pamoja na ringi zake. Mzee akaifunga, akarekebisha valvu kwa vipande vya bati jembamba vya kupimia, akasoma kitabuni: 0.08 ya milimita, injini ikiwa baridi. Hiyo ni kama unene wa unywele mmoja. Yule fundi wa kwanza alikuwa akirekebisha kwa kusikiliza tu. Pikipiki ikawaka. Nilisimama nyuma yake nikingoja moshi, nisiuone. Kaka akapanda mlima na gunia mbili za majani chai, nami nikabaki kusikiliza mpaka mlio ukapotea.

Hapo ndipo lilipokuja suala la kitabu.

Nilimwomba mzee anipe nikatoe kopi. Uso wake ukabadilika. "Kitabu hiki kimenilishia watoto sita," alisema. "Nikikupa, kesho kila mtu stejini ni fundi. Mimi nitakula nini? Nitakula karatasi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sidhani kwamba alikosea. Sisi wanafunzi hupenda kusema elimu ni ya wote, lakini ni rahisi kusema hivyo ukiwa si wewe unayekula kwa elimu hiyo. Tena kuna sheria. Kitabu ni kazi ya mtu, na nchini Kenya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda kazi hiyo. Ukitoa kopi mia za kitabu kizima ukaziuza stejini, umemwibia mwandishi kama anavyoibiwa mtu mkebe wa maziwa. Ila mwalimu mlezi wa chama chetu alitueleza jambo ambalo lilitufungulia njia: sheria hulinda maneno na michoro ya mwandishi, hailindi ukweli wenyewe. Kwamba valvu zinataka 0.08 ni ukweli. Naweza kuuandika kwa maneno yangu, kwa Kiswahili changu.

Nikarudi kwa mzee na daftari tupu. Nikamwambia sitaki kitabu, nataka nambari tu, na yeye ndiye atakayeamua zipi. Akanywa chai yake kimya. Kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia. "Unajua mimi hupata hasara wapi? Mtu ananiletea spea aliyonunua, si sawa. Nafunga. Inakataa. Ananirudishia, nafunga tena, na mara ya pili hanilipi, anasema nimeharibu. Wakijua nambari zao wataniletea spea sawa, nifunge mara moja." Akanisogezea kiti. Tulikaa alasiri tatu, yeye akisoma, mimi nikiandika. Mambo ya kufungua injini alikataa nisiandike, nami nikamtii.

Nilipokuwa nikiandika, nilimkumbuka mtu ambaye mwalimu wa fizikia alitusimulia habari zake. Aliitwa John Haynes, Mwingereza, lakini alizaliwa Ceylon, nchi inayoitwa Sri Lanka siku hizi, mwaka 1938, ambako babake alikuwa msimamizi wa shamba la chai. Naam, mtoto wa majani chai kama sisi! Akiwa bado shuleni alitengeneza gari dogo kutokana na Austin 7 kuukuu. Watu wakamuuliza alivyofanya, akaandika kijitabu mwaka 1956, akatoa nakala 250 kwa mashine ya shule. Zikanunuliwa zote kwa siku kumi. Baadaye, akiwa katika jeshi la anga la Uingereza huko Aden, alimsaidia mwenzake kufungua gari, akaona kwamba kitabu cha kiwanda hakieleweki na mtu wa kawaida. Akanunua kamera, akapiga picha kila hatua ya kufungua na kufunga. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1966, na vilivyofuata vikaenea duniani, kikiwamo cha Honda CG125. Haynes alifariki mwaka 2019. Mashine yetu ya kutolea kopi hukwama kila karatasi ya tano, lakini tulijipa moyo.

Daftari letu lilipokwisha, vita vikawa vya lugha. Katibu wa chama alitaka tuandike "vipuri", kama ilivyo kamusini. Mimi nikasema ukienda stejini ukaulize vipuri watakuuliza kama unauza karanga; neno ni spea. Wengine walitaka "vali", mzee anasema "valvu". Tulibishana Jumatano mbili. Mwalimu akaamua daftari litumie neno la fundi, na pembeni tuweke la kamusi kwa wino mwekundu. Naona uamuzi ulikuwa mzuri, ingawa kwa "klachi" hakuna aliyepata la kuandika kwa wino mwekundu.

Nawagawia machache yaliyomo. Cheni za pikipiki zetu nyingi huandikwa 428. Ile 4 ya mwanzo ni nane-nane za inchi, yaani kutoka pini hadi pini ni nusu inchi. Ukinunua ya 520 haitakaa kwenye spoketi hata uipige nyundo. Na cheni hununuliwa pamoja na spoketi zote mbili. Ukitia cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka kama ya papa, nayo itaisha mapema. Plagi ya ukoo wa CG ni D8EA. Kwa NGK, D ni uzi wa skrubu wa milimita 12, na 8 ni kiwango cha joto: nambari ikipanda, plagi ni ya baridi zaidi, kinyume na mtu anavyodhani. Mwanya wake ni kati ya 0.6 na 0.7.

Kuhusu bei, waendeshaji watano wa steji ya kaka waliona daftari wakaanza kuagiza pamoja. Zamani kila mtu alinunua peke yake siku pikipiki inapokufa, na siku hiyo huna nguvu ya kubishana bei. Sasa wanachangishana, mmoja anayeaminika anaagiza kutoka Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, mzigo unakuja kwa matatu. Nauli wanagawana. Huagiza vile vinavyoisha kwa hakika: breki shu, cheni, plagi, kebo za klachi. Milima yetu hula breki shu kuliko kitu kingine. Wamepunguza gharama, ingawa mara moja waliletewa boksi lenye jina la kampuni maarufu likiwa limekosewa herufi moja! Walilirudisha. Tangu mwaka 2008 Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia, lakini mnunuzi asiyesoma boksi sheria itamkuta ameshafunga spea.

Mwaka huo huo wa 2008, nimejifunza, ndipo serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na zikafurika kila kijiji. Kabla yake bodaboda ilikuwa baiskeli, iliyoanzia mpakani Busia. Pikipiki zilikuja kwa wingi hivyo. Vitabu vyake vilibaki vikilowa oili sandukuni mwa watu wachache, na vingine nadhani viko darini nyumbani kwenu, katika mfuko wa plastiki vilimokuja.

Na hapo ndipo ninapowahitaji. Daftari lina nakala mbili. Moja iko stejini Silibwet, imefungwa nailoni, na nyingine iko kabatini mwa chama. Kurasa za ukoo wa CG zimejaa. Ukurasa wa Boxer una mistari minne, na wa TVS ni mtupu kabisa. Aliye na kitabu cha mwenye pikipiki kilichotoka dukani pamoja nayo, hata kama kimeliwa na panya nusu, akilete Jumatano baada ya vipindi. Hatutakichukua. Tutanakili nambari mbele yako, nawe urudi nacho jioni hiyo hiyo. Silinda usilete, maana askari wa langoni amesema hataki kuona nyingine.